Kocha wetu tumpime kwa matokeo au kwa pesa ya usajili?

Katibu_Chang'ombe
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa hapa Chang'ombe, Dodoma. Jumapili tuna kikao, na kamati inataka kumtimua kocha. Hoja yao: tumetoa laki tisa za usajili, tumemaliza wa sita. Daftari ninalo mimi. Humo laki nne na nusu zilikwenda kwa straika mmoja aliyeletwa na mwenyekiti, wakati mwalimu aliomba beki wa kushoto. Straika kacheza mechi tatu, goti likamweka nje. Nawaelezaje wanielewe bila kugombana?

Mzee wa Majengo
Katibu, uliza kwanza nani alimtaka mchezaji. Halafu toa mauzo kwenye manunuzi ndipo uhukumu. Kocha Wenger, Arsenal walipohamia uwanja wa Emirates 2006, ilikuwa lazima auze ndipo anunue, na bado hakutoka nne bora ya Ligi Kuu ya England mpaka msimu wa 2016/17. Ukitazama makombe tu bila kutazama mfuko, unamwonea mtu.

Mgogo Halisi
Na kikosi alichokikuta je? Kocha Ranieri alichukua ubingwa wa England na Leicester 2016, sifa anastahili. Lakini nyota wake Vardy alinunuliwa 2012 kwa pauni milioni moja, Mahrez akaja Januari 2014 kwa chini ya laki tano. Ranieri alifika 2015, kawakuta wote wawili. Kocha wenu alikuta nini?

Dada wa Area C
Mimi ada ya usajili siiamini sana. Kiungo Pogba alirudi Juventus ya Italia 2022 bila ada, ukisoma manunuzi tu utadhani hakuwagharimu kitu, kumbe mshahara wake ulikuwa mnono. Jumlisha posho na nauli za msimu mzima, uzilinganishe na za timu zilizowazidi. Na vijana aliowapandisha mwenyewe umewahesabu?

Katibu_Chang'ombe
Dada, hilo la vijana sikuliwaza kabisa. Nimepekua daftari sasa hivi: wanne wa kikosi cha kwanza kawatoa timu ya watoto, hatukutoa hata mia, na mmoja wao ndiye mfungaji wetu bora. Mzee, kikao naanza na ukurasa huo. Ile laki nne na nusu ina sahihi ya mwenyekiti pembeni. Nitampitia nyumbani Jumamosi jioni nimwonyeshe tukiwa wawili, asije akaisikia mbele ya watu.