Askari wa Ufilipino wa Vita Kuu ya Pili: deni la Marekani limelipwa au bado?

Wakuu, tulijadili hili, maana kila likiguswa wapo wanaosema limeshaisha. Mimi nasema bado.

Julai 26, 1941, Ufilipino ikiwa ingali chini ya Marekani, Rais Roosevelt aliamuru jeshi la nchi hiyo lipigane chini ya makamanda wake. Waliopigana wanakadiriwa kupita 250,000. Bataan, rasi ya Ufilipino, ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Aprili 9, 1942, mateka walitembezwa kama kilomita 100 kwenye jua kali, na wengi walioishiwa nguvu njiani waliuawa kwa singe. Februari 1946 Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba utumishi wao usihesabiwe kuwa wa jeshi la Marekani, hivyo wakakosa mafao mengi ya askari wa nchi hiyo. Rais Truman alitamka kuwa sheria hiyo haiondoi wajibu wa kiutu kwa watu hawa, na bado akaitia saini.

Mchangiaji: Mkuu, tuwe wakweli. 1990 walifunguliwa mlango wa uraia. 2009 zikatengwa dola milioni 198: kila askari aliye raia wa Marekani dola 15,000, asiye raia dola 9,000. 2017 wakapewa medali ya dhahabu ya Bunge. Mlipa kodi wa leo adaiwe hadi lini?

Mleta mada: Hizo dola zilitolewa mara moja tu, na aliyezipokea alifuta madai yake yote ya utumishi ule. Na walizipata wangapi? Maombi yalipita 42,000, yaliyokubaliwa hayakufika nusu. Mzee anakuja na hati yake ya kiapo ya Jeshi la Ufilipino, Fomu 23, imekunjwa mpaka mikunjo inachanika, anaambiwa jina lake halimo kwenye kumbukumbu za jeshi la Marekani zilizoko St. Louis, Missouri. Mpiganaji wa msituni angeweka wapi orodha ya majina? Ikiangukia mikononi mwa Wajapani, wote waliomo wamekwisha. Ndiyo maana nyingine zilifukiwa, nyingine zikachomwa. Na mjane ambaye mumewe alifariki kabla ya kuomba hakuambulia kitu. Hili la wajane linaniuma kuliko yote.

Huyo mlipa kodi sijamgusa. Nataka mambo mawili: sheria ya 1946 ifutwe, na Fomu 23 ikubaliwe kuwa ushahidi. Mkuu, lipi kati ya hayo unalikataa, na kwa nini?