Bibi na sweta lake Bagamoyo

*Kikundi: UKOO WETU KALENGA*

Neema Dar: Kamweneee familia, shikamooni wakubwa. Tushafika Bagamoyo na Bibi, tulipanda gari pale Makumbusho asubuhi, amegoma kuvua sweta la Iringa jasho linamtiririka anasema upepo wa bahari hauaminiki

Shangazi Mwanjelwa: Marahaba. Mwacheni mama yangu na sweta lake. Picha ziko wapi

Eliudi Mafinga: Bahari kaionaje??

Neema Dar: Kachovya kidole akalamba, akatema pwaa 😂 eti chumvi yote hii na sisi tunanunua dukani

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Misheni mmefika? Kuna ule mnara, mwili wa yule mmisionari Livingstone uliwekwa pale 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Uingereza

Neema Dar: Tumefika Baba Mkubwa. Yule kijana anayetembeza wageni akasimulia vizuri kabisa watumishi wake kina Chuma na Susi walivyoubeba mwili toka huko Zambia ya sasa hivi kwa miguu miezi na miezi, Bibi kasikiliza weee mwisho akauliza, na hao wabebaji wamewekewa mnara gani? Kijana akacheka akatupeleka pengine

Eliudi Mafinga: Bibi bana 😂😂

Neema Dar: Subiri sasa. Ufukweni kuna mnara wa pale Wajerumani walipokuwa wananyonga watu waliowapinga. Mdogo tu, kando mbuzi wanakula majani. Bibi akaniambia nisomee, nikasoma, akasema soma majina. Nikamwambia Bibi majina hamna. Akanyamaza, akavua kilemba akakaa chini. Nikajua jua limempiga kumbe wapi

Shangazi Mwanjelwa: Mama alikuwa mtoto 1954 fuvu la chifu wetu Mkwawa aliyepigana na Wajerumani liliporudi toka Ujerumani, anatusimuliaga watu walivyojaa Kalenga. Kwa hiyo anaelewa

Baba Mkubwa: Sasa mwambieni hivi. Yule ofisa wa Kijerumani Zelewski, pwani walimwita Nyundo, 1888 alikuwa Pangani anakoroga watu na bendera ya kampuni yao mpaka vita ya Abushiri na watu wa pwani dhidi yao ikalipuka. Abushiri wakamnyonga Desemba 1889. Nyundo akaona sasa zamu ya Uhehe, akakutana na wazee wetu Lugalo ya kwetu Iringa, 17 Agosti 1891, hakutoka. Na mnara pale Lugalo ni wa kwake na askari wake!!

Eliudi Mafinga: Kumbe ule?? mi napita na basi kila mwezi najua wa kina sisi

Neema Dar: Nimemsomea. Kasema Jumatatu akirudi, gari likifika Lugalo dereva apunguze mwendo, ana maneno yake

Baba Mkubwa: Dereva wa basi apunguze? Labda trafiki awepo

Shangazi Mwanjelwa: Neema mpe mama ale, na ng'onda zangu usisahau

Neema Dar: Nimemnunulia pweza Shangazi, kaangalia ile mikia kaniuliza hiki kilikuwa kinatembea? Anakula chipsi