Naomba ushauri: kuagiza dawa kwa simu hapa Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Natengeneza programu ya afya, na sehemu ya kuagiza dawa imenikwamisha. Mgonjwa apige picha cheti cha daktari, mfamasia ahakiki, kisha dawa zipakiwe boti hadi Faza au Kizingitini, kisiwani Pate. Vidonge vya presha havina tabu. Insulini, dawa ya kisukari ya kudunga, ndiyo mtihani: ambayo haijafunguliwa yataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na upepo wa kusi ukichafua bahari boti hazitoki. Mamangu hudungwa kila siku, naujua uchungu wa kuikosa. Je, programu imkumbushe mgonjwa siku ngapi kabla dawa kumwishia? Wazee wasiosoma niwawekee sauti, au mjukuu awaagizie? Na mzigo ukifika gatini, nani aupokee?