Sosholojia: masta ya mwaka mmoja Uingereza au PhD moja kwa moja Marekani?

mwanajamii_K
Habari zenu wakuu. Nimekubaliwa sehemu mbili, masta ya sosholojia Uingereza ya mwaka mmoja, na PhD Marekani ambayo naingia na digrii yangu ya kwanza hivi hivi. Marekani wanataka jibu kabla ya tarehe 15 Aprili, hata usingizi sipati. Nyie mngekuwa mimi mngechagua ipi?

BiHekima
Mdogo wangu, hapo hujatuambia kitu. Nani analipa? Hiyo masta una ufadhili au una barua ya kukubaliwa tu? PhD posho ni ya miaka mingapi? Unataka kutafiti nini, na ukimaliza unataka kufundisha chuo au kufanya kazi kwenye mashirika? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

kalamu_nyeusi
PhD, sioni hata cha kujadili. Kule idara nyingi zinakulipia ada na posho juu ukisaidia kufundisha, miaka miwili hivi ya mwanzo unasoma kozi za nadharia na mbinu za utafiti, unafanya mitihani mikubwa, ndio unaingia kwenye tasnifu, na katikati hapo nyingi zinakupa masta hiyo hiyo. Sasa ya kulipia ya nini?

Mzee_wa_Takwimu
Kalamu mwambie na upande wa pili basi. PhD ya Marekani ni miaka 5 mpaka 7 na wapo wanaopitiliza. Masta miezi 12 umemaliza, ukiona fani haikufai unatoka na cheti chako. Ila na yeye ajue PhD ya Uingereza ni miaka 3 au 4 kwa sababu kozi ni chache, unaomba tayari una andiko la utafiti mkononi, ukiingia bado unatafuta mada utahangaika sana. Kokote atakakoenda aanze kujifunza R au Stata, programu za kuchambua takwimu, sasa hivi, asisubiri kufundishwa.

dada_Nuru
Ngoja niseme yaliyonikuta maana hili watu hawaambiwi. Mimi PhD niliifuata kwa sababu ya profesa mmoja, chuo sikitaji. Ndiye aliyekuwa anatafiti familia na uhamiaji, nikamwandikia kabla ya kuomba, tukaelewana vizuri, nikaenda. Kozi nikamaliza, mitihani nikafaulu, nimeanza kuandika pendekezo la utafiti naye akahamia chuo kingine, nimeambiwa kwa barua pepe ya mistari michache. Idara nzima hakuna mwingine wa uhamiaji. Nikapangiwa mtu wa sosholojia ya mashirika, mtu mwema kabisa, lakini kila sura niliyompelekea alikuwa anaivutia kwake, mara badilisha swali, mara kahoji waajiri badala ya familia, na huku posho inaelekea mwisho na kila muhula nina madarasa ya kufundisha na rundo la kazi za wanafunzi za kusahihisha. Kuna muhula ulipita sikuandika hata ukurasa. Aliyeniinua ni mhadhiri kijana ambaye hakuwa hata kwenye kamati yangu, alikuwa anasoma sura zangu kwa hiari yake na kunirudishia zimejaa maoni. Nilimaliza, ila tasnifu niliyoitetea siyo ile iliyonipeleka kule na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo mdogo wangu, jina la chuo liweke pembeni kidogo. Hesabu walimu, akiondoka mmoja wanabaki wangapi wa kukusimamia? Halafu waandikie wanafunzi waliopo sasa, waulize sura ikipelekwa inarudi baada ya muda gani.

Mzee_wa_Takwimu
Pole sana dada Nuru. Ndiyo maana nasisitiza takwimu, ukiwa na mbinu mkononi hata msimamizi akiondoka unahamia mada nyingine bila kuanza upya.

kalamu_nyeusi
Mzee hapo hapana. Ukitaka kujua kwa nini mtu alihama utakaa naye, utamsikiliza, utarudi tena. Dodoso halikuambii hilo.

Mzee_wa_Takwimu
Na mahojiano ya watu 30 hayakuambii nchi nzima ikoje.

BiHekima
Hii vita mnaipigana bure. Du Bois, yule mwanasosholojia mweusi wa Marekani, kwenye utafiti wake wa mji wa Philadelphia uliotoka 1899 alipita nyumba kwa nyumba, akahoji na akahesabu vyote viwili. Na huyo huyo alikuwa Berlin 1892 mpaka 1894, wafadhili wakakataa kumwongezea, akarudi bila udaktari wa kule, ndipo akaupata wa Harvard 1895. Kwa hiyo swali langu la kwanza liko pale pale, nani analipa?

mwanajamii_K
Samahani nilikuwa kazini. Masta wamenipunguzia nusu ya ada, iliyobaki natafuta mwenyewe. PhD wameandika miaka 5. Mada yangu ni jinsi vijana wanavyopata kazi kupitia ndugu na marafiki. Ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, sikuomba, wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na sijafikisha.

njia_ya_kaskazini
Mbona hamuitaji Uswidi? Nafasi ya PhD kule inatangazwa kama kazi, unalipwa mshahara, masomo ni miaka 4 na kufundisha hakuzidi asilimia 20 ya muda wako. Lakini mara nyingi wanataka uwe na masta, kwa hiyo hiyo ya Uingereza ingekufungulia mlango.

kalamu_nyeusi
Aache posho ya miaka 5 aliyonayo mkononi akalipe nusu ada ili aje aombe tena? Mimi siwezi kumshauri hivyo.

dada_Nuru
Kalamu, miaka 5 imeandikwa, miaka 7 je? Aulize kwa maandishi baada ya mwaka wa tano wanafanyaje. Na huko walimu wanaotafiti ajira wako wangapi?

mwanajamii_K
Wawili, mmoja anakaribia kustaafu.

Mzee_wa_Takwimu
Hiyo mada nzuri sana. Mwanasosholojia Granovetter 1973 alionyesha habari za kazi huja zaidi kupitia watu tunaowajua kijuujuu. Wewe unasema ndugu?

mwanajamii_K
Ndiyo, nahisi kwa vijana ninaowajua ndugu wa karibu wana nguvu zaidi, ndicho ninachotaka kupima.

Mzee_wa_Takwimu
Utapimaje ukaribu sasa? Kwa undugu, au kwa mara mnazoongea?

fundi_wa_madaraja
Samahani kuingilia, mimi nina digrii ya uhandisi, naweza kuomba sosholojia?

BiHekima
Idara nyingi zinakubali, ila waonyeshe umesoma nadharia na uwe na andiko refu la kuwatumia kama sampuli. Unataka kutafiti nini?