Naomba ushauri: kikaragosi kisimame tu bila kutikisika na bado kionekane hai

Wakuu salama, niko Berlin na kikundi chetu kidogo tunaandaa shoo ya vikaragosi kuhusu Valeska Gert, Myahudi mzaliwa wa hapahapa 1892, huyu mama alikuwa mcheza dansi, jukwaani anaigiza kwa dansi kahaba, bondia, hadi kifo chenyewe, Wanazi waliposhika nchi ikabidi akimbie, akafungua baa New York, akafariki 1978 na leo wengi hawamjui kabisa. Sasa shida ni dansi yake ya Pause, sinema wakibadilisha mkanda yeye anapanda jukwaani anasimama tu, basi. Binadamu akitulia unaona anajizuia, ila kikaragosi kikitulia si mti tu jamani? Nitumie nyuzi au mkono ndani ili kionekane kinapumua? Msiniambie taa, fundi wetu mbishi balaa.