Tupeane uzoefu: vijana na majirani wanaosumbua mtaa, uliwatuliza vipi?

Mkaazi wa Langoni, Lamu:
Assalam alaykum wote. Nyumba zetu za mawe mwazijua, ukuta mmoja nyumba mbili, na ndia yenyewe punda wawili wenye shehena wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Miezi mitano vijana walifanya baraza ya mlangoni kwangu kuwa kijiwe. Kila baada ya isha ni muguka, yale majani ya kutafuna, bangi na matusi. Asubuhi nafagia vikonyo, maganda ya njugu na mate yaliyokauka kwenye chokaa. Binti yangu akitoka madrasa akawa hazunguki tena kwa ndia ya kwetu, apita kwa nyuma, gizani.

Nilianza vibaya. Usiku mmoja niliwamwagia ndoo ya maji kutoka juu. Kesho yake mlango wangu ulipakwa mavi ya punda.

Ndipo nikaenda kwa nyanya wa mmoja wao, baada ya alasiri. Sikumsema mjukuu wake. Nilimwambia tu kwamba binti yangu yuaogopa kuingia nyumbani kwetu. Yule bibi alinyamaza, akanimiminia kahawa nyingine. Usiku ule alikuja na bakora yake na tasbihi, akaketi pale pale barazani. Vijana walipofika wakamwamkia mmoja mmoja, wakasimama wasijue pa kukaa. Alikuja siku tatu mfululizo. Hawakurudi tena, ila wawili kati yao nasikia sasa wako kwenye unga wa heroini, na hilo halinipi raha. Nyinyi mlifanyaje?

Baba wa Barani, Malindi:
Kwetu ni baa iliyofunguliwa ukuta kwa ukuta na nyumba yetu. Spika zilielekezwa mtaani, na mtoto wangu alikuwa na mtihani. Nilipiga ripoti ofisi mbili, kila moja ikanituma kwa mwenzake.

Kilichosaidia ni daftari. Kila usiku niliandika tarehe, saa muziki ulipoanza na saa ulipozimwa. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinasema usiku waanza saa 2:01, na mitaa ya makazi, nje ya nyumba, mwisho ni desibeli 35, yaani kipimo cha sauti. Hicho ni kimya cha watu kulala, si cha spika. Halafu leseni ya pombe hutolewa na kaunti, na mkaazi ana haki ya kuweka pingamizi. Tulikuwa nyumba kumi na moja tukatia sahihi. Peke yangu nilionekana mgomvi, tulipokuwa kumi na moja tulipewa viti. Spika zimegeuzwa, na saa nne zinazimwa.

Wa Shela:
Kwetu ilikuwa takataka kutupwa uchochoroni, punda wakachana mifuko. Tulifagia pamoja Ijumaa mbili, mwenye kutupa akiona. Aliacha.

Mama wa Maweni, Malindi:
Nimesoma nikalia kidogo. Mimi ni mama wa mmoja wa hao mnaowasema. Mwanangu aliiba sufuria za watu na nguo kwenye kamba. Mtaa mzima ulijua ni teja, mtumwa wa unga, kabla yangu, na hakuna aliyenigongea mlango. Nilijua siku nilipoitwa nimkute chini, amepigwa, kiatu kimoja mguuni, watu wamesimama duara.

Sasa anakwenda hospitali ya Malindi, huko wanatoa methadoni, dawa ya kuwaachisha unga, tangu 2015. Ni kila siku, anainywa mbele ya mhudumu. Akikosa, jioni namjua kwa jasho. Wizi umekwisha. Aliyeibiwa sufuria nilimlipa kidogo kidogo kwa mahamri, na sasa mwanangu akimwamkia anamwitikia.

Ombi langu ni moja: njooni kwa mama kwanza.

Mkaazi wa Langoni, Lamu:
Mama, nimekusoma mara mbili. Wale wawili nawajua kwao. Kesho baada ya alasiri nitakwenda kuketi na mama zao.