Wauza printa, acheni kutuuzia mashine za barua mkituambia ni za picha

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Naliweka hapa kwa sababu najua wiki hii kuna mtu ana laki mbili zake mfukoni anaelekea Kariakoo kutafuta printa ya picha ya nyumbani, na asipoambiwa atapigwa kama nilivyopigwa mimi.

Bibi yetu mzaa mama alifariki mwezi wa pili, Pangani. Baada ya matanga mama akatoa sanduku la bati lenye picha za ukoo. Nusu zimeliwa na ukungu, nyingine zimegandana hazibanduki. Katika zile zilizosalimika kuna moja ya studio, ya mwaka 1968, nyeusi na nyeupe: bibi kakaa kwenye kiti, babu kasimama nyuma yake na kanzu na koti, mkono begani kwa mkewe. Nakala nyingine hakuna popote. Wajukuu tukakubaliana nizichukue nije nazo Dar, nizipige skani, nitoe nakala za kila nyumba, zigawiwe siku ya arobaini. Nikaona badala ya kwenda studio kila mara kusafisha picha, ninunue printa kabisa, ibaki kwa ajili ya picha za watoto.

Bajeti yangu ilikuwa 250,000. Winga, wale madalali wa mtaani, akanidaka nikiwa sijafika hata dukani, akanipeleka kwa mtu wake. Sikuficha kitu. Nilimwambia muuzaji kwamba nataka kutoa picha za 4 kwa 6 za kugawia familia, barua sina haja nazo. Akanijibu, "Bosi, hii inatoa kama studio. Soma boksi, 4800 dpi." Bei 185,000, skana ipo juu yake. Nikalipa, nikapewa risiti.

Picha za mwanzo zilitoka za kuridhisha. Kufika ya 11 nyuso zikaanza kupauka. Nilipoiweka ile ya 1968, ikatoka ya kijani. Koti la babu kijani, buibui la bibi kahawia iliyochakaa, ukuta wa studio nyuma yao kama maji ya bwawa. Nikasafisha kichwa cha printa kwa ile amri ya kwenye kompyuta, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna aliyeniambia kwamba kila unaposafisha, mashine inanyonya wino na kuumwaga kwenye sponji lililo ndani yake. Picha ya 14 ikagoma katikati. Wino wa rangi umekwisha.

Nikampelekea fundi mmoja, mzee mstaarabu, ndiye aliyenifungua macho. Haya aliyoniambia ndiyo muuzaji alipaswa kuniambia kabla ya kupokea hela yangu.

Printa hizi za bei ya chini nyingi zina katriji mbili, moja nyeusi na moja yenye rangi tatu ndani yake: sayani (samawati), majenta (waridi iliyokoza) na njano. Ile nyeusi ni wino wa pigmenti, yaani wa chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, umetengenezwa kwa maandishi kwenye karatasi ya kawaida. Kwenye karatasi ya picha yenye kung'aa haushiki vizuri, kwa hiyo ukichagua karatasi ya glosi mashine nyingi za aina hii haziugusi kabisa. Weusi wote wa picha unatengenezwa kwa kuchanganya zile rangi tatu. Ndiyo maana buibui linatoka kahawia wakati katriji nyeusi imejaa pomoni! Na picha ya nyeusi na nyeupe ndiyo inayoteseka kuliko zote, maana kila kivuli chake ni mchanganyiko wa rangi tatu. Moja ikipungua kidogo tu, picha nzima inahama. Majenta ikipungua inakwenda kijani. Ngozi zetu zinakula majenta na njano kwa wingi, kwa hiyo majenta yangu iliisha huku sayani ikiwa bado ipo. Lakini zimo kwenye kopo moja, unatupa lote.

Tena katriji inayokuja na mashine mara nyingi ni ya kuanzia, wino wake haujajaa kama ya dukani. Na lile tangazo la kurasa 100 au 150 kwenye boksi linapimwa kwa utaratibu wa ISO/IEC 24711, yaani kurasa za ofisini kwenye karatasi ya kawaida, zenye maandishi na michoro na nafasi nyeupe tele. Picha imejaa wino kona hadi kona. Kuhusu hiyo 4800 dpi, ni jinsi vitone vinavyoweza kupangwa karibu karibu, haikuambii rangi zitakuwaje. Picha ya 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800 hivi itoke safi. Idadi ya rangi na aina ya wino ndivyo vya kuuliza, na hivyo boksi limeviandika kwa herufi za kutafutia miwani.

Nikanunua katriji mpya ya rangi, 65,000. Zaidi ya theluthi ya bei ya mashine. Safari hii nilihesabu kila karatasi, nikapata picha 34. Gawanyeni wenyewe: wino peke yake ni shilingi 1,900 na ushee kwa picha, karatasi 250. Studio ya hapa mtaani kwetu Temeke wanasafisha kwa 700. Yaani nimenunua mashine ili nilipe mara tatu ya bei ya studio, nikiwa nimekesha.

Baadaye mtu akaniuzia katriji ya mtaani kwa 28,000. Ilifanya kazi siku mbili. Siku ya tatu printa ikajisasisha kwa intaneti bila kuniuliza, ikawashwa tena ikasema katriji haitambuliki. Mashine ni yangu, hela nimetoa mimi, lakini mwenye kuamua nitie wino gani yuko ng'ambo.

Nikarudi dukani na boksi, risiti na zile picha za kijani. Muuzaji akanionyesha maneno chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamkumbusha nilivyomweleza siku ile. Akasema, "Si inatoa picha? Hizo si picha?" Akaninyooshea ile ya bibi na babu. Wakuu, nilitetemeka mikono. Nilitoka kwa sababu ningebaki ningefanya kitu cha kujutia.

Kwa taarifa ya wauzaji wote: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inajua jambo hili. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotakia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Kimstari cha chini ya risiti hakikufanyi kuwa umesema kweli. Nami nilieleza, na shahidi ninaye, shemeji yangu alikuwa pembeni.

Sasa kwa wewe unayetaka kununua. Usianze kuuliza bei ya mashine. Anza na bei ya wino, kisha uliza wino huo unapatikana maduka mangapi. Kama hela yako inatosha mashine ya katriji mbili tu na shida yako ni picha, nakuambia kwa moyo mmoja usinunue, tia picha kwenye flashi nenda studio. Mashine za matangi zinapunguza sana gharama, kwa sababu unamimina chupa ya rangi iliyokwisha peke yake. Lakini nazo chunguza: nyingi zina rangi nne, na baadhi weusi wake ni ule ule wa pigmenti wa maandishi, kwa hiyo buibui litakuwa kahawia kwa bei nafuu. Zilizokusudiwa picha ni kama Epson L805 na L8050, zina rangi sita, pamejumlishwa sayani nyepesi na majenta nyepesi, na hizo mbili ndizo zinazolainisha ngozi na anga. Bei yake iko juu ya bajeti niliyokuwa nayo, sitadanganya. Ndugu watatu wakichanga inawezekana, na laiti ningejua ndivyo tungefanya.

Kuna njia nyingine sikuonyeshwa kabisa pale dukani, ile ya Canon SELPHY isiyotumia wino wa maji bali utepe wa rangi unaopashwa joto. Inapitisha karatasi mara nne, njano, majenta, sayani, halafu tabaka la kinga. Pakiti inakuja na karatasi na utepe wake kwa hesabu kamili, mfano 108, kwa hiyo gharama ya kila picha unaijua kabla hujawasha mashine, na hakuna kichwa cha kukauka. Picha yake kubwa kabisa ni ya ukubwa wa postikadi, basi. Kwa sanduku la picha kama la bibi yetu ingetosha. Hakikisha tu pakiti zake unazipata mjini kabla hujatoa hela.

Na jamani, ukiwa na printa ya wino, izime kwa kitufe chake, usichomoe ukutani. Kitufe kinakirudisha kichwa kwenye kifuniko chake. Ukichomoa kinabaki wazi, na kwa joto hili letu kinakauka.

Arobaini imepita. Niligawa picha 31 za watoto na za harusi za wajomba, za rangi, zinazovumilika. Mama aliuliza ile ya 1968 iko wapi, nikamwambia bado. Skani ninayo, nzuri, ya A4 kamili. Mdau mwenye mashine ya rangi sita upande wa Temeke, Mbagala, hata Kigamboni, naomba unipokee siku moja. Karatasi nakuja nazo, wino wako nitaulipia kwa bei utakayosema. Nataka kutoa hiyo moja tu.